Hotuba ya Ndoa kwa Kiswahili

Mwaka ule wa 1954, juma zima mume wangu, Sheikh Idarusi, hakukalika. Alizunguka ukumbini na kitabu cha hotuba mkononi, chai yangu ikipoa bure. Wazee wa msikiti wetu hapa Ngamiani walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba akihutubu Kiswahili siku ya Ijumaa, wataswali kwingine.

"Watu wanaitikia amina wasichokijua!" alinifokea, utadhani mimi ndiye niliyewatuma.

Ijumaa akaisoma hotuba ileile ya ndoa aliyoisoma miaka yote kwa Kiarabu, safari hii kwa Kiswahili. Nyumba yetu imepakana na msikiti, nasi tulisikia kila neno dirishani.

"Binti asiozwe mpaka aulizwe mwenyewe!"

Binti yetu Mwanasiti, aliyekuwa anaolewa Jumapili, akaacha kuchambua mchele wa harusi yake.

Hakuna mzee aliyetoka msikitini. Sheikh alirudi anacheka, akaketi, akataka chai. Mwanasiti ndiye aliyempelekea. Akaiweka mbele yake, wala hakuondoka.

"Baba," alisema, "mimi huyu hapa. Niulize."