Kashyap kwa Kashyap

Bibi Phulmati alikuwa na laddu moja tamu mdomoni na nyingine mkononi wakati panditi, kuhani wa harusi, alipouliza swali la ukoo lililomkaba koo kuliko laddu yenyewe.

"Bibi harusi ni wa gotra gani?"

"Kashyap," akajibu mwanawe Jagdish, baba wa bibi harusi, kwa kujidai, kama alivyofundishwa tangu utotoni.

"Na bwana harusi?"

Mzee Girdhari, babu yake bwana harusi, karani mstaafu wa reli, akakohoa kidogo. "Kashyap."

Panditi akafunga kitabu. "Wa gotra moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Haya, kaleni wali."

Ukumbi mzima ukalipuka. Mji mzima wa Kanpur ulikuwa pale, na kila mtu alitaka kujua ilikuwaje swali hilo lisiulizwe mapema. Ketaki na Niranjan walikuwa wamependana kazini, kwenye benki, na kila upande ulidai ulidhani wenzao wameshauliza. Uongo mtupu. Kila upande uliogopa kuuliza usije nao ukaulizwa.

Mjomba wa bibi harusi akaruka mbele, jasho likimtiririka. "Namchukua Ketaki awe mwanangu! Ataolewa kwa gotra yangu!"

"Vizuri. Wewe ni wa gotra gani?" akauliza panditi.

Mjomba akababaika. "Kashyap."

"Alaa! Halafu dada yako ukamwoza kwa huyu Kashyap mwingine?"

Watu wakaangua kicheko, hata mpiga ngoma akaiangusha fimbo yake. Ketaki peke yake ndiye hakucheka. Hina ilikuwa bado mpya, nyekundu, viganjani mwake, na alikuwa akimtazama bibi yake kama mtu anayezama.

Panditi akatazama saa. "Sikilizeni, jamani. Asiyeujua ukoo wake huandikwa Kashyap, na hilo mnalijua. Kashyap ni kapu la wote. Mmoja wenu aniambie tu kwamba yeye ni wa kapuni, nami nafungisha sasa hivi. Saa njema inaisha saa sita na dakika kumi."

Watu mia tatu waliokuwa pale wangeona heri harusi ivunjike kuliko mtu mmoja kukiri kwamba babu yake hakuwa mtu wa maana.

Bibi Phulmati akaimeza laddu. Akahisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni, kicheko cha miaka hamsini. Akasimama.

"Sisi ndio wa kapuni. Mume wangu, Baba Jagdish, alikuwa dobi. Hilo jina letu la Varma alilitoa kwenye kibao cha duka la miwani siku aliposhuka kwenye treni."

"Mama!" Jagdish akashika kichwa.

"Niache! Nimechoka kuwa bibi mkubwa." Maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. "Mimi mwenyewe nilifua mtoni na mimba yako tumboni. Mashuka ya hoteli, mia kwa siku! Nayatia magadi, nayachemsha, halafu..."

"Magadi kwanza?" Mzee Girdhari akafoka. "Utaunguza uzi, mama wewe! Kwanza unaloweka kwenye samadi ya mbuzi, usiku kucha, ndipo..."

Mdomo ukabaki wazi.

Mia tatu wakamgeukia. Shangazi yake Niranjan, ambaye alikuwa ameshakunja sari yake kwa dharau tayari kuondoka, akaketi taratibu.

"Karani," akasema Bibi Phulmati kwa upole, "reli ipi hiyo iliyokufundisha samadi?"

Mzee akawa mwekundu, kisha akaanza kutetemeka mabega, na wote wakadhani analia. Kumbe anacheka. Akacheka hadi miwani ikadondoka. Halafu ghafla akakaza uso. "Ngoja! Dobi wa ng'ambo ipi ya mto Ganga?"

"Kaskazini."

"Haiwezekani! Sisi wa kusini hatujapata kuoana na hao. Watu wanaanika nguo chini kwenye majani!"

"Na nyie mnavunja vifungo vya watu!"

"Babu," akasema Niranjan, "dakika moja iliyopita tulikuwa Kashyap."

"Zimebaki dakika nne," akaongeza Ketaki, akainuka, akamvisha Niranjan shada la maua bila kungoja ruhusa ya mtu. Shangwe ikapasua dari. Mzee Girdhari alikuwa bado analalamika juu ya majani, lakini alikuwa anapiga makofi.

Panditi akafungua kitabu, moto ukawashwa. Kabla ya kumkabidhi binti, ni lazima wazee wake watajwe. "Jina la babu yake bibi harusi?"

Jagdish akafungua mdomo. Bibi Phulmati akamzuia kwa mkono. Kwa desturi yao, mke hatamki jina la mumewe. Hata siku ya kumchoma maiti yeye alisema tu "Baba Jagdish". Akavuta pumzi.

"Ghurahu," akasema. "Ghurahu mwana wa Bechan."

Jina hilo lilikuwa tamu mdomoni, na alimkumbuka mumewe kwa namna iliyomfanya acheke na kulia kwa pamoja. Panditi akalirudia kwa sauti ya juu, kwa lugha ya vitabu vitakatifu, mara tatu, na watu mia tatu wakalisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa.