Usinisindikize

Mwaka 1987 mji wa Kisumu ulikuwa umeanza kuwasahau Vijana wa Nam. Bendi iliyokuwa ikijaza ukumbi hadi watu wakachungulia madirishani sasa ilipiga harusini na kwenye sherehe za vyama vya ushirika. Watu walitaka muziki wa Zaire. Zadock Oduor, kiongozi na mwimbaji wao, hakumlaumu mtu. Alitunga wimbo mpya, "Usinisindikize", akawachukua wenzake kwenda studio kuurekodi.

Agneta alisimama nyuma yake kama kawaida. Tangu alipotoka kwaya ya kanisa kule Migosi, kazi yake katika bendi ilikuwa kuitikia. Alikuwa amezoea sauti ya Zadock kama mtu anavyozoea chumvi, na bado ilimsisimua mwili.

Siku hiyo sauti ilimgomea Zadock mwenyewe. Kila alipofika pale pa kupanda, ilikatika. Alikunywa maji, akajaribu tena, ikakatika palepale. Wapiga gitaa waliinama kutazama viatu vyao.

Zadock akaondoka kwenye kipaza sauti. "Agneta, kuja hapa mbele."

"Nikusaidie kuitikia?"

"Hapana. Imba wewe. Mimi ndiye nitaitikia."

Laban, mwenye studio, akachomoza kichwa mlangoni. "Mzee, watu wananunua Zadock. Huyu nani anamjua?"

"Mimi namjua. Na kwa santuri uandike jina lake, kubwa kama langu."

Agneta akasogea mbele nusu hatua. "Mzee, watasema nimekupokonya wimbo."

"Nyamera," Zadock alisema, akimwita dada kwa Kijaluo, "wimbo ni mtoto. Mgongo ukikuuma, unampa mwenye nguvu ambebe. Imba."

Akaimba. Mwanzo aliimba kwa woga, kisha akasikia nyuma yake ile sauti kuu imejishusha, inakwaruza kidogo, inamfuata polepole isije ikamfunika. Alipofika pale pa kupanda, akapanda bila kuogopa. Laban alirekodi mara moja tu, akasema imetosha.

Santuri ilitoka na haikufika mbali. Redio iliipiga mara chache ikanyamaza. Muuzaji wa soko la Kibuye aliwarudishia karibu zote, nyingine zimepindwa na jua. Mpiga gitaa Opiyo alinung'unika, "Ungeimba wewe, ingeuzika."

"Ingeuzika," Zadock akakubali. "Lakini wimbo ungekuwa mbaya."

Walipiga kwa mara ya mwisho kule Mamboleo, kwenye uwanja wa vumbi. Watu walidai zile nyimbo za zamani. Zadock akawaomba kwanza wamsikilize Agneta. Walinong'ona, wakaguna, halafu polepole wakatulia. Alipomaliza, mama mmoja muuza samaki akasema kwa upole, "Rudia hiyo." Akarudia. Zadock aliitikia amefumba macho, na Agneta akajua kwamba hajapata kumwona mtu mkubwa kama huyo.

Bendi ikavunjika. Agneta alianzisha kikundi chake, kikadumu miaka mingi. Zadock akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Wateja walipomuuliza ni wimbo gani wake ulio bora, wakitarajia ule uliovuma zamani, aliwatajia "Usinisindikize". Wengi hawakuwahi kuusikia, kwa hiyo aliwaimbia kipande, akawaeleza kwamba wakitaka kuusikia vizuri wamtafute Agneta.