Kahawa ya Shangazi Freija

"Jua likizama hujarudi, Hamda, huo ndio mwisho wako wa kuongoza wageni," ami yangu Suweilim alinitangazia asubuhi ile mbele ya ukoo mzima. "Utarudi kwa mbuzi wako."

"Hewala, ami," nikajibu, moyo ukinidunda kwa furaha. Mwanamke wa kwanza wa kabila letu kuongoza wageni katika hifadhi hii ya Sinai, ndiye mimi! Wanaume hulala nyikani na wageni wao. Mimi nilipewa matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Haidhuru. Milima ile naijua tangu nabebwa mgongoni.

Wageni walikuwa wanawake wanne wa Kairo. Nikawapandisha korongo jekundu, nikawaonyesha maji yaliyojificha chini ya jabali, wakapiga vigelegele mpaka mwangwi ukatuitikia.

"Dada Hamda, wewe ni mbuzi kweli!" alisema Mahitab, akihema.

"Na wewe gunia la unga."

Wakati wa kurudi tukafika hemani kwa shangazi Freija, dada yake Suweilim. Kupita hema bila kunywa chochote ni tusi, tukaketi. Shangazi akakaanga buni taratibu, akatwanga taratibu, akaniuliza hali ya kila mbuzi. Nje vivuli vinarefuka, roho yangu iko juu.

"Shangazi, nakuomba, fanya hima."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Hapo nikajua ametumwa atucheleweshe. Nilikasirika, nikatamani kulia.

Mwishowe akamimina. Kwetu mgeni hutiliwa kahawa kidogo, kwenye kitako cha kikombe tu; ukijaziwa, umefukuzwa. Shangazi alinijazia mpaka ikamwagika vidoleni. Nikamkodolea macho. Shangazi yangu mwenyewe ananifukuza?

"Kaka aliniomba nikaange na kutwanga taratibu, nami nimefanya," akasema, akijizuia kucheka. "Habari ya kumimina hakuitaja. Toka hemani mwangu, Hamda! Mbio!"

Tukatimua mbio. Kwenye kilima cha mchanga tuliketi tukateleza kwa makalio, Mahitab akipiga kelele, "Gunia linashuka! Nipisheni!" Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na jua bado lilikuwa limekalia ukingo wa mlima tulipoingia kambini.

Ami Suweilim alilitazama jua, akanitazama mimi niliyejaa mchanga hadi kwenye kope. Akachukua birika, akanimiminia kahawa.

Kidogo tu, kwenye kitako cha kikombe. Nikainywa, nikanyoosha mkono aniongeze.