Nyumba ya Atuganile Isiyo na Mlango

Usiku wa kuamkia leo niliota mjukuu wangu Atuganile amejengewa nyumba, naye yumo ndani, na nyumba haina mlango.

Nyumba yenyewe ni ya kwenye simu. Atuganile ana miaka kumi na sita, na aliinunua katika mchezo ambao bado haujatengenezwa. Wenye mchezo waliomba watu wachange ili wautengeneze, na kila aliyechanga aliahidiwa nyumba humo. Aliponieleza niliona ni jambo la kawaida, kwa sababu hata harusi huwa hivyo: kamati inaomba michango, watu wanatoa, siku ikifika mnakula pilau. Nikamwambia achange. Akatoa akiba yake yote ya kuuza maparachichi. Tangu siku hiyo anakaa na simu akiitazama picha ya nyumba, na ukimwita aje kula anajibu kwamba ameshakuja, kumbe hajasogea.

Sasa, ndotoni, nimesimama barabarani mbele ya nyumba hiyo. Barabara ni safi sana. Kuna mti mmoja tu, lakini umerudiwa mpaka mwisho wa barabara, na katika kila mti yupo ndege yuleyule, na ndege wote wanakohoa kwa pamoja.

Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ni ya buluu, ina baraza, ina maua ambayo hayanyauki kwa sababu hayajawahi kuota. Pale penye mlango pana ukuta mtupu, na ukutani pameandikwa: Mlango unakuja.

Nikabisha hodi ukutani.

"Bibi, ni wewe?" Atuganile akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mke mwenzangu. Toka tukale."

Ndivyo ninavyomwita, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu wake wa kike. Siku zote hunijibu kwamba mume wetu mzee hamtaki, nibaki naye peke yangu. Safari hii hakunijibu utani. Alisema hawezi kutoka, mlango bado, wamesema mwezi ujao. Nikamuuliza kama amekula. Akasema chakula nacho kinakuja, lakini baada ya mlango. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya redio inayoishiwa betri.

Ukuta ukakohoa kidogo, ukaniambia taratibu kwamba wenyewe ni ukuta tu na haupendi kuingilia mambo ya watu, lakini ni vizuri nijue. Anayengoja sana ndani ya nyumba ambayo haijakwisha hugeuka kuwa sehemu ya nyumba. Miguu ya mtoto tayari imeshakuwa rangi. Jua likizama atakuwa mchoro ukutani, na michoro haili.

Nikaliangalia jua. Lilikuwa linashuka vizuri kabisa. Katika mchezo wote huo, jua ndilo kitu pekee walichokuwa wamekimaliza.

Nikaushukuru ukuta, nikageuka kwenda kuutafuta mlango. Nilipogeuka, barabara ilikuwa imeshakuwa ukumbi wa vikao.

Watu wamejaa. Meza ya mbele ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Mwenyekiti ni spika ya muziki, ile kubwa nyeusi ya kukodi, imefungwa tai. Natafuta pa kukaa sipaoni. Basi mzee mmoja ambaye ametengenezwa upande wa kulia tu ananyanyuka na kunipisha. Namwambia anipe nusu ya kiti, itatosha. Anakataa, ananipa chote, anasimama kwa mguu wake mmoja kikao kizima bila kulalamika. Sitamsahau mzee yule.

Mwenyekiti alikuwa anatangaza bidhaa mpya. Kulikuwa na funguo za dhahabu kwa ajili ya mlango. Kulikuwa na zulia la kujifutia miguu mlangoni, kengele ya mlangoni, na pazia la mlango la rangi tatu. Watu walikuwa wananunua. Mama mmoja alinunua funguo tano, akaniambia kwa furaha kwamba anazo nyingine nyumbani.

Katika kamati za kwetu, mchangiaji yeyote ana ruhusa ya kusimama. Nikasimama. Nikasema mimi ni bibi wa mchangiaji, na ninaomba tuonyeshwe mlango. Nikawaeleza kwamba kwetu, kamati ikirudi kuomba mchango wa soda, ng'ombe tumeshamwona kwa macho yetu amefungwa nyuma ya nyumba.

Mwenyekiti akapunguza sauti yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "mlango si kitu. Mlango ni safari."

Watu wakapiga makofi. Yule mzee nusu akajaribu kupiga, akakosa mkono wa pili, akaniangalia kwa huruma.

Mwenyekiti akaendelea kueleza kwamba mlango utatengenezwa mara michango itakapolifikia Lengo. Lengo lilikuwa palepale ukumbini, mlingoti mwekundu wenye miguu mirefu kama ya mbuni. Wachangiaji walikuwa wanalisogelea wamebeba michango yao vichwani. Kila walipokaribia kuligusa, Lengo lilisema samahani, likanyanyua miguu, likasogea mbele kidogo. Lilikuwa na adabu sana. Nililifuata mpaka kwenye kona nikaliuliza kama haliwezi kusimama kidogo tu, kwa ajili ya mtoto. Likaniambia lingependa mno, magoti yanaliuma, lakini siku litakaposimama watu wote wale wa meza ya mbele watakosa kazi.

Dirishani jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti.

Nikarudi mbele, nikasema basi nyumba tunairudisha. Mwenyekiti akafungua kinywa, na humo yakatoka Masharti. Yalikuwa ni kitambaa kirefu kimeandikwa herufi ndogo ndogo, yakajizungusha ukumbini yakisema haraka haraka, kama tangazo la dawa redioni. Nilichoelewa ni kwamba Atuganile aliweka alama ya kukubali, na alama hiyo haifutiki.

Nikayaambia yule ni mtoto.

"Tunajua," yakasema Masharti. "Ndiyo maana tuliandikwa kwa herufi ndogo, tumfae."

Kisha yakaniambia, bila ubaya wowote, kwamba nikiona nimeonewa ipo ofisi ya kuwatetea wanunuzi, niende.

Sikwenda popote, ofisi ndiyo iliyokuja. Nikajikuta sokoni mbele ya mizani ya bati, ile ya kupimia viazi. Ilikuwa imevaa koti. Ilinipa kigoda, ikanipa maji kwenye kikombe safi, ikanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo peke yake lilinifariji.

"Sawa, Mama," ikasema. "Weka mlango hapa."

Nikasema mlango haupo.

"Basi siwezi. Mlango wenye ufa ningeushughulikia leo hii hii. Mlango uliopinda, ningewaita wauzaji wanilipe mimi faini kabla yako. Lakini mlango usiokuwapo hauna ufa, Mama. Haujapinda. Hakuna malalamiko yoyote juu yake."

Nikauliza kwani ahadi haipimiki. Mizani ikainamisha sahani yake kwa aibu. Ikasema sheria ya kupima ahadi nayo inakuja. Halafu ikaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyuma ya soko kuna chumba, na humo yumo fundi wa milango yote, nimwulize yeye kabla hapajawa giza.

Nikakimbia. Mimi sijakimbia tangu nilipoumia nyonga, lakini nilikimbia.

Nikavua kandambili zangu mlangoni nikaingia. Fundi alikuwa mwanamke kijana, anaitwa Mwantumu, jina limeandikwa kwenye shati. Amelala juu ya meza, shavu liko juu ya vitasa, kalamu nyeupe bado ipo mkononi. Kuna kikombe cha chai ambayo imeganda juu. Nikamtazama, nikalitazama jua, nikamtazama tena. Nikataka kumtikisa. Mkono ukakataa. Nikavua kitenge changu nikamfunika, nikasimama pale nikiwa nasikia moyo wangu unavyonigombeza.

Akaamka mwenyewe. Akakishika kile kitenge, akasema tangu aajiriwe hapo hakuna aliyewahi kumfunika. Nikamwomba anipe mlango wa nyumba ya buluu, mjukuu wangu yumo ndani.

Akaiweka kalamu chini.

"Mama, mlango hauji," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia nitengeneze mlango. Nimeambiwa nitengeneze funguo."

Nilishukuru kuusikia ukweli. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuizunguka ile nyumba. Nikasema hapana. Akasema hakuna anayeizunguka, kwa sababu picha ya tangazo ilipigwa kwa mbele, na yeye alilipwa kuchora kinachoonekana kwenye picha tu. Ukuta wa nyuma hakuuchora.

"Haupo?"

"Haupo. Iko wazi. Ila na ardhi ya huko nyuma pia haipo. Ukikanyaga unakwenda na hakuna chini."

Alipoona ninavyomtazama akainuka. Akasema watamfukuza kazi. Akasema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha, akachukua ile kalamu nyeupe, akatoka na kitenge changu begani.

Tunaizunguka nyumba. Nyuma yake hakuna kitu, si giza wala mwanga, ni kama mahali ambapo mtu amesahau kusema neno. Mwantumu anapiga magoti anachora. Anachora miraba, midogo, iliyoshikana, kama ya daftari la hesabu, na pale anapochora ninakanyaga. Niko peku. Mistari inauma nyayo kama mkeka mpya.

Hapo nikamwona mtoto wangu.

Amekaa sakafuni, amenipa mgongo. Uso ameuelekeza kwenye ukuta wa mbele, pale mlango utakapokuja. Nyuma yake pako wazi kabisa, upana wa nyumba nzima, na upepo unaichezea nguo yake mgongoni, naye hajageuka hata mara moja. Miguu mpaka magotini imeshakuwa ya buluu kama sakafu.

"Atuganile, geuka."

"Subiri, Bibi. Nikigeuka mlango unaweza kuja nisiuone."

"Mlango hauji, mama. Nimeonana na fundi wa milango. Hauji."

Mwanga wa jua ulikuwa unampanda kiunoni, na pale ulipopita aliacha kuwa na kivuli.

"Nilitoa akiba yote," akasema.

"Najua."

"Nikitoka sasa, itakuwa nilitoa bure."

Nilitafuta neno la kumtuliza. Nimelea watoto na wajukuu, maneno ya kutuliza ninayo mengi. Lakini yote niliyoyashika yalikuwa na sauti ya yule Mwenyekiti.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilikuwa bure. Njoo."

Akalia kidogo. Machozi yake yalikuwa ya kweli, yalilowesha ile sakafu ikachujuka rangi. Kisha akageuka. Nyayo zake zilibanduka na mlio wa utepe wa gundi unaobanduliwa kwenye sanduku. Akaniona, akauona uwazi wote ule nyuma yangu, akasema, "Kumbe," basi, neno hilo tu.

Tukaondoka tumeshikana mikono. Miraba iliyo nyuma yetu inafutika, iliyo mbele yetu Mwantumu anaichora kinyumenyume, anarudi nyuma akiwa amepiga magoti. Mbali, sauti ya Mwenyekiti inamwita kwa jina, inamwambia arudi kwenye funguo. Haitiki. Kalamu imebaki kipande kama ukucha. Mraba wa mwisho ulitosha mguu mmoja tu. Nikamsukuma Atuganile akanyage yeye.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Upande wa pili wa kitanda, anapolala Atuganile, palikuwa patupu na simu yake iko juu ya mto, imezimwa. Nikatoka hivyo hivyo bila viatu, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, sufuria la uji liko motoni, mguu mmoja ameuweka juu ya goti anausugua kwa jiwe la kusugulia nyayo. Aliponiona akasogea kunipa nafasi.

Nikakaa. Nyayo zilikuwa zinaniwasha, nikainua mguu nikautazama. Kutoka kisigino mpaka vidoleni kulikuwa na mistari myeupe, miembamba, imepita wima na kukatiza, imefanya miraba midogo. Nikaisugua kwa kidole gumba. Haikutoka.

Atuganile alimaliza mguu wake, akautia maji, akautazama, kisha akanipa jiwe.

"Sugua kwa nguvu, Bibi," akasema. "Ya kisiginoni ni migumu kutoka."