Hariri ya Shingoni

Gatien Loriot alikuwa hodari wa kwenda sawa, na hilo ndilo lililokaribia kumtoa roho. Kwao Beauce, mashambani Ufaransa, baba yake alimfundisha kulima kwa plau la farasi: chagua mti mmoja mwisho wa shamba, ukodolee macho, usigeuke hata ukiitwa kula. Mistari yake ilinyooka mpaka majirani wakawa wanakuja kuitazama. Basi vita na Mjerumani vilipomtoa shambani vikamtia angani, naye akaruka vilevile, macho mbele, mkia wa ndege kauachia Mungu.

Wiki yake ya kwanza kikosini alipelekwa mazoezini na sajenti mkuu Ursin Pellerin, mtu mfupi mwenye masharubu ya kijivu. Kikosi kikiruka, Pellerin ndiye aliyekaa wa mwisho. Nafasi hiyo watu waliiogopa kama ukoma, maana wa mwisho huwalinda wenzake wote migongo, na wake hana wa kumlindia. Pellerin aliishikilia mwaka mzima, na kila jioni bado alirudi kula supu yake. Mtu kama huyo unamvulia kofia hata kama hakutazami.

Walipotua Gatien alishuka kifua mbele.

"Umenionaje, afande?"

"Nimekuona mgongo," Pellerin alisema. "Toka mtoni mpaka kanisani nilikuwa nyuma yako, karibu nikurushie kiatu. Ningekuwa Mjerumani, saa hizi mama yako anatafuta nguo nyeusi."

"Lakini nilikuwa naruka sawa."

"Ulikuwa unalima. Huku juu hatupandi ngano, bwana mdogo."

Marubani waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Gatien uso ukamwiva. Pellerin hakucheka, alimsogelea, akaishusha kola ya koti la ngozi la kijana. Shingo ilikuwa imechunika yote. Kumbe kijana alijaribu kugeuka mwanzoni, kola ikamsugua, akaona afadhali atazame mbele tu.

"Kwa nini huvai hariri kama wenzako?"

"Kwetu hariri anavaa bibi harusi, afande. Baba akisikia atanicheka mpaka kaburini."

"Hata hii ni ya bibi harusi." Pellerin alishika skafu yake nyeupe, iliyoingia madoa ya mafuta ya nyonyo yanayorushwa na injini. "Ni gauni la Clarisse, mke wangu. Alilikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Aliniambia hana haja ya kuolewa tena, kwa hiyo nigeuze shingo. Wewe ulidhani tunavaa kwa ajili ya wasichana wa mjini?"

"Wengine wanavaa kwa ajili hiyo," akadakia mtu pembeni.

"Wewe, ndiyo," Pellerin alimjibu.

Kesho yake asubuhi ilikuwa doria ya kweli, na Gatien akapangwa mkiani, ubavuni mwa Pellerin. Kabla injini hazijawashwa, mzee alivua skafu yake akamzungushia kijana shingoni, akaikaza kama anamfunga mtoto wa shule.

"Na wewe je, afande?"

"Mimi ngozi yangu imeshakomaa. Nikifa, utamrudishia Clarisse mwenyewe, na ujiandae kutukanwa."

Wakaruka. Gatien akageuka kushoto, hariri ikateleza, hapakuuma. Akageuka kulia. Akaliziba jua kwa kidole gumba, akachungulia pembeni mwake kama alivyoelekezwa. Kila alipogeuka ndege iliyumba, mstari ukapinda, na jamani, moyo ulimuuma kweli kuuona unapinda. Lakini aliendelea.

Ndipo alipomwona Pellerin kainama. Mafuta yalikuwa yamemrukia kwenye miwani, akawa anaifuta kwa mkono wa koti. Ilikuwa kitambo kidogo tu, na katika kitambo hicho, kutoka ukingoni mwa jua, ndege ya Kijerumani ikashuka kimyakimya nyuma ya mzee.

Gatien hakufikiri. Aliipindua ndege yake na kuminya bombomu kabla hata hajalenga vizuri. Risasi zilipita mbele ya pua ya Mjerumani. Yule akashtuka, akachepuka, akakimbilia kwao. Pellerin aliponyanyua uso alimkuta kijana nyuma yake, pale pale alipokuwa adui. Akainua mkono mara moja, kisha akageuza shingo, akaendelea kulinda wengine.

Mchana, mezani, Pellerin aliwachekesha watu. Akitaka mkate alizunguka na kiti kizima. Akiitwa, aligeuka mwili wote kama kabati linalohamishwa. Walimtania sana. Gatien pekee ndiye aliyeona kola yake kwa ndani: ilikuwa imelowa damu pande zote. Asubuhi nzima yule mzee alikuwa amegeuka na kugeuka juu ya kidonda, na hakupunguza hata mara moja.

Kijana akasimama, akaivua skafu.

"Kaa nayo," Pellerin alisema bila kunyanyua kichwa. "Gauni la Clarisse bado lina mikono, atanikatia nyingine."

Gatien akaifunga tena shingoni. Alibeba sahani yake, akazunguka meza, akaketi mbele ya mzee, mahali ambapo mlango wote uliokuwa nyuma ya Pellerin ulionekana.

"Kula tu, afande," alisema. "Nyuma yako nakulindia mimi."