Safu ya Jirani

Kyalo na Oyoo walitengeneza tovuti ya kanisa pamoja, kwenye saiba, duka dogo la intaneti, pale Ayany. Kila safu ya ukurasa ilihitaji klasi, yaani jina la kuiambia kompyuta safu ikae wapi. Ile nyembamba, inayokaa ubavuni mwa habari kuu, Oyoo aliiita "jirani". Kyalo alicheka, akakubali.

Kisha kura za Desemba zikaleta fujo na moto. Kibanda cha mjomba wake Kyalo kikachomwa Kawangware, Oyoo akakwama ndani ya Kibera, na tovuti ikageuzwa ya kutafuta waliopotea. Kyalo, akiwa peke yake, akaweka majina ya Kawangware katikati na ya Kibera, ya watu wa kina Oyoo, kwenye safu ya kando. Kwa hasira akafuta "jirani", akaandika "wao". Nani husoma majina ya klasi? Wanaofungua ukurasa huona rangi zake tu.

Hasira iliisha, neno likabaki. Kila alipofungua faili aliupita ule mstari haraka, na hakuugusa.

Februari Oyoo akarudi. "Niaje," alisema, akaketi kwenye kompyuta. Alitaka kuongeza jina la dada yake Mitchelle, aliyeonekana mara ya mwisho Kambi Muru, kule Kibera. Vidole vyake viliandika, vikatulia, vikaandika tena.

Kyalo alinyoosha mkono kwenye kibodi. "Wacha nikuwekee mimi. We niambie tu jina."

Oyoo hakugeuka. "Jina ninalo. Pa kuliweka ndio sipaoni. Natafuta jirani, Kyalo. Mashine inaniambia hakuna."