Utando wa Maziwa

Tik. Kimya. Tik tena. Kijiko kiligusa ukingo wa sufuria kwenye giza la alfajiri, taratibu, kama mtu anayebisha hodi asitake kufunguliwa.

"Mama?" niliita kutoka chumbani. "Hujala kitu, eh?"

"Nampashia mjukuu wangu maziwa," mama mkwe alijibu kutoka jikoni. "Au nako kumekatazwa huko kwenye masomo yenu ya jioni?"

Nilijifunika tena huku nikicheka. Tangu nianze darasa la jioni, na binti yangu kulala mapajani mwa bibi yake hadi nirudi, mama huyu hajaacha kunitania. Nikisema chumvi imezidi, "Daktari kasema." Nguo zikichelewa kufuliwa, "Mwacheni, anasomea maini." Lakini ni mimi niliyemwingiza kwenye utafiti wa vijiwe vya nyongo pale hospitali. Hajanisamehe, wala hajajitoa.

Ubavu wake wa kulia ulimsumbua kwa muda mrefu. Walipomkuta na kijiwe, daktari wa upasuaji alisema kitolewe, pamoja na kifuko cha nyongo chenyewe. Mama mkwe alivaa viatu vyake akaondoka. Simjui mtu anayemtisha, ila kisu cha hospitali anakikimbia kama paka aliyemwagiwa maji. Ndipo nikasoma tangazo ukutani: kuna watafiti wanajaribu vidonge vya kuyeyusha vijiwe vidogo, na wanahitaji wagonjwa. Nikambembeleza. Akavimeza kwa miezi mingi, akilalamika kwamba dawa isiyo chungu haiwezi kuwa dawa.

Leo ilikuwa picha ya mwisho ya ndani ya tumbo. Jiwe likiwa limeyeyuka, anakwenda zake nyumbani. Likiwa bado lipo, kisu.

Sharti lilikuwa moja: asile chochote tangu usiku. Nilimweleza kwa lugha ya darasani, kisha kwa lugha ya jikoni. Nyongo hukaa kwenye kifuko chake ikisubiri mafuta. Ukila kitu cha mafuta, kifuko hujikamua, na kikishajikamua, picha haisomeki.

"Kama mfuko ulioisha unga," alisema.

"Hivyo hivyo, Mama."

"Na hilo ndilo mnalolipia ada?"

Chumba cha picha kilikuwa na baridi na pazia la kijani. Binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali, tulimkalisha kwenye kiti cha pembeni, miguu ikining'inia. Daktari wa utafiti, kijana mpole mwenye miwani, alimpaka mama mkwe ute wa baridi tumboni.

"Huyu ananipaka kama mkate," aliniambia kwa mnong'ono wa kusikika chumba kizima.

Daktari alicheka. Kisha akaacha kucheka. Alisogeza kile kifaa huku na huko, akamlaza ubavu, akamwambia avute pumzi aishike. Kwenye kioo cha mashine, pale ambapo siku zote kifuko kilionekana kama balbu ya taa, leo palikuwa na kitu kama kidole kilichokunjwa.

"Mama, umekula asubuhi hii?"

"Sijala."

"Hata kidogo? Hata chai?"

"Mwanangu, nina watoto wanaokuzidi umri. Nikisema sijala, sijala."

Daktari alivua miwani. "Basi sina budi kukwambia. Kifuko kimesinyaa. Kwa mtu aliyekula ni kawaida, ningemwambia arudi kesho. Kwa mtu aliyefunga, maana yake kimeharibika. Huyo namtoa kwenye utafiti, anakwenda kwenye upasuaji."

Mkono wa mama mkwe uliutafuta wangu, ukaushika. Ulikuwa baridi kuliko ule ute.

Tik, nikasikia tena kichwani mwangu. Maziwa yaliyolala, na juu yake ule utando mnene wenye rangi ya siagi. Nimeishi na mama huyu miaka yote, na utando wa maziwa sijawahi kuuona ukifika mezani. Yeye hauiti chakula. Kwake yeye kula ni kunawa, kukaa na kuwekewa sahani. Mengine yote ni kusafisha sufuria. Hakuwa anadanganya hata kidogo. Na mimi ningesemaje? Mkwe humvui nguo mbele ya mtoto wa watu, hata kama unataka kumwokoa.

Nikajaribu kuzungukia mlango wa nyuma. "Mama, labda pale ulipokuwa unapasha..."

"Nilipasha. Kupasha ndiyo kula?"

"Pengine uliramba kijiko tu..."

"Umemwona mwalimu wangu?" alimwambia daktari. "Hata hapa ananisahihisha." Aliutoa utani ule, lakini sauti ilimponyoka mwishoni, na macho yake yalikuwa yameng'ang'ania dari kana kwamba kisu kingeshukia huko.

Daktari alichukua kalamu. Nikavuta pumzi, liwalo na liwe, nimvunjie heshima leo nimwombe radhi maisha yangu yote. Lakini kiti cha pembeni kililia. Chiriku, ambaye hakuwa ametamka neno tangu tuingie, alishuka akaja kusimama kando ya kitanda, akamtazama daktari.

"Bibi amekula utando wote wa maziwa yangu."